Yaya anataka dola 350 ili anifundishe kuwekeza

Mama, jambo sana.

Mimi ni binti wa miaka 23, ninaishi Katuba, hapa Lubumbashi, pamoja na mama yangu na wadogo zangu watatu. Nilimaliza masomo ya uchumi UNILU, chuo kikuu cha hapa, mwaka jana, na mpaka leo kazi ya ofisi sijaipata. Nina kabini ya pesa za simu kando ya barabara: mwavuli, meza, kiti cha plastiki na simu tatu. Si mbaya. Siku za mishahara nafanya vizuri. Siku nyingine floti, pesa ya kuhudumia wateja, inaisha kabla ya saa sita, basi nabaki nikiwatazama wateja wakienda kwa jirani.

Kila wiki naweka kwenye likelemba, mchango wa kupokezana, ya wamama wa mtaa wetu. Zamu yangu inafika mwisho wa mwezi, na nitapokea dola 600. Sijawahi kushika pesa nyingi hivyo zikawa zangu.

Mama yangu anauza unga wa mahindi sokoni. Anataka tuziunganishe na zake, tukachukue mifuko Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kabla bei haijapanda. Kusema kweli nimechoka na unga. Nimekua nikilala pembeni ya mifuko ile. Nataka kujifunza kuwekeza, pesa inifanyie kazi na mimi. Chuoni walitufundisha soko la hisa kwenye ubao, nikapita mtihani, lakini hisa yenyewe sijawahi kuiona, wala sijui mtu wa hapa anaanzia wapi.

Yaya wangu, yaani kaka, mtoto wa mama mkubwa, anafanya treding, kununua na kuuza mtandaoni. Ni yeye aliyenilipia masomo miaka miwili ya mwisho, baba alipokufa. Bila yeye nisingemaliza. Ana kikundi cha Telegram chenye watu zaidi ya mia mbili. Anasema formasyo yake, yaani mafunzo, wengine wanalipa 500, mimi kwa kuwa ni mdogo wake nilipe 350. Zile 250 zinazobaki nifungulie akaunti, na yeye atakuwa ananipa signali, ninunue saa ngapi na niuze saa ngapi, mpaka nijue mwenyewe. Alinionyesha kwenye simu yake: asubuhi dola 100, jioni 164. Ndani ya miezi mitatu, anasema, nitakuwa nimerudisha zote. Tena, kwa sababu nina kabini, watu wa kikundi watakuwa wanapitisha pesa zao kwenye namba yangu na mimi nitapata komisyo kwa kila mmoja. Kwa hiyo nitakula pande mbili.

Mama aliposikia alitamka neno moja tu: "Bindo." Nikamwambia hapana, hili ni soko la kweli, dunia nzima wanalifanya. Akanijibu kwamba hata Bindo ilikuwa na ofisi ya kweli.

Yaya anataka jibu kabla likelemba haijatoka. Nikikataa ataona sina shukrani, na familia itasema nimesahau nilikotoka. Nikikubali, mama ataumia. Nikingoja, naona wenzangu wanasonga mbele na mimi nakaribia 24 bila kuanza chochote. Je, kuna njia ya kujifunza kitu hiki kwa pesa kidogo? Au ni kweli anavyosema yaya, kwamba asiyelipa hajifunzi?

Dada wa kabini, Katuba

*

Binti yangu, asante kwa kuandika kwa uwazi hivi.

Umeuliza swali moja, lakini barua yako imebeba matatu. Unataka kujifunza kuwekeza. Unatafuta pa kupeleka dola 600. Na hujui utamwambia nini kaka aliyekusomesha. Yaya ameyafunga yote fundo moja, labda bila hila yoyote, ndiyo maana unaona kwamba ukikataa moja umeyakataa yote. Hebu tuyafungue. La yaya nitaliweka mwisho, kwa kuwa naona ndilo linalokunyima usingizi.

Tuanze na ile simu aliyokuonyesha. Wewe umesoma uchumi: ni hisa gani inayopanda asilimia 64 kati ya asubuhi na jioni? Siku za ajabu zipo, lakini hakuna anayepanga maisha yake juu yake. Nadhani ulichoonyeshwa si soko la hisa kabisa. Ni foreksi, au mikataba ya bei, ambayo ndani yake hununui kitu chochote. Unaweka dau kwamba euro au dhahabu itapanda au itashuka, na broka, yaani dalali, anakukopesha ili dau liwe kubwa. Wako wanaotoa mkopo wa 1:500. Maana yake, unaweka dola 100 na unacheza na 50,000. Bei ikisogea upande wako kwa asilimia 0.2, umepata dola 100. Ikisogea upande wa pili kwa asilimia hiyo hiyo 0.2, zako 100 zimekwisha, na euro inaweza kusogea kiasi hicho kabla hujamaliza kikombe cha chai.

Ulaya waliliona hilo. Tangu 2018 mteja wa kawaida kule hapewi zaidi ya 1:30 kwenye sarafu kubwa, na kila kampuni ya aina hii inalazimika kuandika waziwazi ni asilimia ngapi ya wateja wake wanapoteza pesa. Fungua ukurasa wa broka yeyote wa kule, usome maandishi ya juu. Mamlaka ya masoko ya fedha ya Ufaransa, AMF, ilitoa uchunguzi wake mwaka 2014 baada ya kupitia akaunti za 2009 hadi 2012: karibu wateja tisa kati ya kumi walipoteza. Hao ni watu wenye umeme usiokatika na intaneti ya nyumbani, siyo mega za intaneti za kununua kila asubuhi.

Halafu kuna gharama ambayo haionekani. Unawajua makambisti wetu, wabadilishaji pesa wa barabarani. Ukinunua dola kwake na kumuuzia hapo hapo, kabla hujainuka, umekwisha kupoteza kidogo, kwa sababu bei yake ya kununua na ya kuuza hazifanani. Broka naye ndivyo anavyokula. Anayeingia na kutoka mara kumi kwa siku anamlisha mara kumi. Kuna maelfu ya watu duniani wanaolipwa na broka kwa kila mteja wanayemleta, na komisyo inaendelea kila mteja yule anapofanya biashara, apate au akose. Sisemi yaya wako ni mmoja wao. Nasema ni halali yako kumuuliza.

Sasa mama na Bindo yake. Kwa wasomaji vijana: Bindo Promotion ilikuwa Kinshasa, ikakusanya pesa za watu kwa ahadi ya kuzirudisha zikiwa zimeongezeka mara nyingi kwa muda mfupi, na mwaka 1991 ikaanguka na akiba za familia nyingi. Waliotangulia walilipwa kwa pesa za waliofuata, hadi wafuataji walipokwisha. Wewe una haki ukisema soko la hisa si Bindo. Hisa ni kipande cha kampuni yenye mgodi, benki au kiwanda, na inaweza kukulipa gawio, sehemu ya faida. Lakini na mama ana haki kwenye jambo ambalo pengine hakulieleza vizuri: ahadi ya kurudisha zote ndani ya miezi mitatu haitoki sokoni. Soko haliahidi tarehe. Ahadi hiyo imetoka kinywani mwa mtu.

Kuna sehemu ya barua yako uliyoipitia haraka, nami nataka tukae hapo. Umesema watu wa kikundi watapitisha pesa zao kwenye namba yako, na umeandika kama vile ni faida ya ziada. Namba hiyo imesajiliwa kwa jina la nani? Ikiwa ni lako, basi kila mmoja wa watu wale zaidi ya mia mbili, atakapotafuta alipotuma pesa yake, atakuta jina lako kwenye ujumbe wa simu. Siyo la yaya, wala la broka aliye kisiwani kusikojulikana. Mambo yakienda vizuri, utapata komisyo. Yakienda vibaya, kikundi cha Telegram hufutwa kwa kidole kimoja, lakini kabini haifutiki. Iko Katuba, ina mwavuli, na ina wewe chini yake. Kampuni ya simu inaweza kufunga laini ikiona mapito isiyoyaelewa, na polisi wakija hawataanza na mtu wasiyemjua. Tena hutajua pesa ile ilitoka wapi na inakwenda wapi. Pima hilo peke yake, ulitenge kabisa na suala la masomo. Mtu anaweza kukubali kufundishwa na ndugu yake na bado akasema kabini yake haiingii humo.

Ngoja nijibu ulichouliza hasa. Kujifunza kwa pesa kidogo kunawezekana, na sehemu kubwa ni bure. Ya kwamba asiyelipa hajifunzi, mimi siiamini. Nimeona waliolipa sana wakajifunza jambo moja tu, nalo ni kulipa. Kinachogharimu ni muda na mega.

Wewe unasoma Kifaransa bila shida. Wafaransa wana ukurasa unaoitwa La finance pour tous, unaeleza hisa, hati za mkopo na mifuko ya uwekezaji kwa lugha nyepesi, na hakuna wa kukuuzia kitu. AMF nayo inatoa miongozo ya bure, pamoja na orodha ya kampuni na kurasa inazozionya; jina la broka wa yaya litafute humo, na pia kwenye orodha ya waliosajiliwa Uingereza. Kutokuwepo kwenye onyo si cheti cha usafi, lakini ukilikuta kwenye orodha ya onyo utakuwa umeokoa dola 600 kwa dakika tano. Kama Kiingereza hakikutishi, mihadhara ya Robert Shiller wa chuo kikuu cha Yale kuhusu masoko ya fedha iko wazi mtandaoni; huyo alipata Nobel ya uchumi 2013. Pakua usiku mega zikiwa nafuu. Mjini, Halle de l'Étoile kuna maktaba, ulizia masharti yao.

Kisha anza na unachokijua. Nchi yetu haina soko la hisa, na hilo linawafanya vijana wengi waone kwamba jambo hili liko mbali. Binti yangu, wewe unaishi katikati yake! Shaba na kobalti ya Katanga inachimbwa na kampuni ambazo hisa zake zinauzwa kila siku ya kazi: Glencore iko London, Ivanhoe Mines iko Toronto, CMOC yenye mgodi wa Tenke Fungurume iko Hong Kong na Shanghai. Benki unazopita mjini nazo ni hivyo hivyo. Equity BCDC ni ya Equity Group ya soko la Nairobi. TMB, iliyozaliwa hapa hapa Lubumbashi, tangu mwisho wa 2022 sehemu yake kubwa ni ya KCB, nayo ya Nairobi. CRDB, iliyofungua Lubumbashi 2023, iko kwenye soko la Dar es Salaam.

Chukua daftari. Chagua kampuni nne au tano kati ya hizo, na kila Ijumaa andika bei. Kabla ya kuandika kwamba "umenunua", andika kwanza kwa nini, na nini kitakufanya ukubali kwamba ulikosea. Soma taarifa zao za mwaka. Wanazitoa bure kwa sababu sheria inawabana. Utaona mambo ambayo ubao wa chuo hauonyeshi. Februari 2025 serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje, bei iliyokuwa chini ikapanda. Oktoba ikaingia mgao wa kiasi kwa kila kampuni. Nani alifaidi, aliyekuwa na akiba nje ya nchi au aliyekwama na mzigo hapa? Mei 2025 ardhi ilitikisika ndani ya mgodi wa Kakula, wa Ivanhoe na wenzake, upande wa Kolwezi, kazi ya chini ikasimama, na hisa ya Ivanhoe ikaanguka Toronto. Kampuni ile ilikuwa inasifiwa kila mahali. Aliyekuwa ameweka akiba yake yote humo alijifunza siku ile kwa nini watu wananunua mifuko ya uwekezaji yenye kampuni mia kadhaa badala ya moja. Wewe utajifunza hilo hilo kwa bei ya daftari. (Na usidhani kuwa na mjomba mgodini kutakupa bahati: habari ikishafika kwake rasmi imeshafika sokoni, na ikiwa ya siri, kuitumia ni kosa kisheria.)

Ukitaka kuonja treding yenyewe, akaunti za majaribio zipo, zenye pesa za bandia. Ila nyingi zinakupa dola 10,000 za uongo, na mtu mwenye 10,000 hafikiri kama mtu mwenye 250. Iweke iwe 250. Fuata humo signali za yaya kwa miezi miwili, mitatu, zote, na zile anazozisahau baadaye, uandike matokeo. Ukifanya hivyo utakuwa na ushahidi wako mwenyewe, si picha ya siku moja.

Kununua hisa za kweli ukiwa Lubumbashi kunawezekana, lakini si kwa haraka. Masoko ya Nairobi, Dar es Salaam na Lusaka yanapokea wageni kupitia madalali waliosajiliwa, nao watakuomba vitambulisho na akaunti ya benki. Kabla ya kutuma chochote, uliza gharama ya kutuma na, zaidi ya hiyo, ya kurudisha. Tuseme unatuma dola 100 na 30 zinaliwa njiani: zile 70 zinatakiwa kupanda karibu asilimia 43 ili ufike pale ulipoanzia. Kwa kiasi kidogo, gharama za njia zinaweza kukuua kabla soko halijakugusa. Kongo yenyewe inauza hati za hazina, yaani unaikopesha serikali, tangu 2019, kupitia mabenki; ulizia benki yako kama inapokea wateja wadogo.

Umesema umechoka na unga, nami nakuelewa. Usimwambie mama nimemtetea, lakini anachokifanya nacho ni kuwekeza. Na kina hatari zake: bei inayopanda na kushuka Zambia inapofunga au kufungua mahindi yake, mfuko unaolowa, mteja wa mkopo. Muulize faida ya mfuko mmoja na siku ngapi unakaa kabla ya kuuzwa. Pengine utaona haitoshi. Pengine utashangaa. Kuna na jambo lingine uliloliandika bila kulisikia: floti yako inaisha kabla ya saa sita. Kwa wiki moja, andika kila mteja uliyemrudisha na kiasi alichotaka. Dola 100 zikiongezwa kwenye floti zingekuletea komisyo kiasi gani kwa mwezi? Sijui jibu, lakini wewe unaweza kulijua, na ukilijua utakuwa na kipimo cha kulinganisha na ahadi nyingine yoyote. Na si lazima dola 600 zote ziende mahali pamoja, wala ziende mwezi huu.

Kuhusu umri, 24 si kuchelewa. Mashindano unayoyaona ni ya picha za simu. Nani anaweka picha ya siku aliyopoteza?

Turudi kwa yaya. Alikulipia masomo, na deni hilo ni la kweli, nisingependa ulidharau. Lakini jiulize kama yeye mwenyewe aliwahi kusema kwamba litalipwa kwa dola 350, au ni wewe uliyeyaunganisha kwa hofu. Jiulize pia kama na yeye hakuingizwa na mtu mwingine, akaweka pesa yake, na sasa anatafuta watu ili aipate. Wanaovuta watu namna hiyo mara nyingi si wezi. Ni waliotangulia kuvutwa. Ikiwa ni hivyo, maswali yako yanaweza kumfaa na yeye.

Yaulize kwa heshima, ana kwa ana, si kwenye kikundi. Unaweza kumwambia: "Yaya, ninataka kujifunza, na ninataka nijifunze kwako. Nionyeshe taarifa ya akaunti yako ya miezi kumi na miwili, si ya siku moja. Niambie unapata nini kwa kila mtu anayeingia. Na tutoe pesa pamoja, leo, siyo dola 20, toa 200, tuone zinafika lini kwenye simu." Usishangae kiasi kidogo kikitoka haraka, hicho hutoka hata kwa matapeli. Kisha mwambie kuhusu daftari na akaunti ya majaribio, umwombe akusahihishe kila Jumapili bila malipo, kama kaka. Na mwambie kabini usiihusishe, bila maelezo marefu.

Anaweza kukasirika. Anaweza pia kufurahi kwamba pesa aliyoitoa kwa masomo yako haikupotea, maana unauliza kama mtu aliyesoma. Ukishamsikia anavyojibu, hasa lile la komisyo, niandikie tena, tutazame pamoja kilichobaki.